Barua Zako Mbili na Mikorosho ya Baba Mkubwa

Mtanda, Lindi
Ijumaa, baada ya alasiri

Mwanangu Somoe,

Salamu tumepeana asubuhi, shikamoo yako nimeiitikia, na uzima wako nimeuona kwa macho yangu, kwa hiyo sitaanza na "dhumuni la barua hii" kama ninavyowaandikia watu hapo barazani kutwa nzima. Umetoka na mama yako kwenda kuaga kwa shangazi zako. Mkirudi mtanikuta nimejilaza, na mgongo utakuwa unaniuma kweli, si kujifanya. Bahasha hii nitakupa kesho ndani ya basi. Usiifungue mbele yangu.

Habari za chandarua, vidonge vya malaria na wazee wa kuwaamkia huko Dar es Salaam, mama yako atakueleza mpaka uchoke. Mimi nina moja tu. Linahusu zile barua mbili ulizo nazo mkobani, na linamhusu baba mkubwa Mchopa. Kwako hayo ni mambo mawili. Kwangu ni moja, nimelibeba miaka kumi na ushee, na sasa nimechoka nalo.

Barua ya kwanza inatoka katika ofisi kubwa kule karibu na bandari, mawakili kumi na wawili, mshahara mara mbili na zaidi ya huu uliokuwa ukiupata serikalini. Ya pili ni ya wale wawili wa Kariakoo, juu ya duka la mshona nguo. Wao wanakuahidi mshahara ule ule wa serikali, tena, kwa maneno yao wenyewe, "kwa kadiri hali itakavyoruhusu". Miaka yako ya kuitumikia serikali umeimaliza hapa Lindi, ukilala nyumbani kwetu, na sasa unakwenda. Unasema utachagua ukifika. Mjomba wako akakwambia mchagua jembe si mkulima, ukacheka. Mimi nilinyamaza, ukadhani sijali.

Nilinyamaza kwa sababu ya ile Jumanne aliyokuja baba mkubwa.

Unakumbuka alivyoingia. Ametoka Kilangala tangu alfajiri, karatasi zake kazifunga katika kipande cha kaniki kama dawa. Mama yako akamletea chai, akaiweka, akarudi jikoni bila kukaa, maana tangu ile kesi hakai na mume wa marehemu dada yake. Mchopa hakuonyesha kama ameona. Alikutazama wewe tu.

"Mwanangu," alikwambia, "sasa tuna wakili wetu nyumbani. Nisomee hizi, uniambie nilishindwa kwa nini."

"Unataka kuifufua kesi, baba mkubwa?"

"Aa, hapana. Miti yenyewe ipo porini sasa. Tangu tuhamishiwe kijijini, huko nyuma wanaookota korosho ni nguruwe. Nataka kujua tu, nisije nikafa sijui."

Ukasoma, nikakuona unakunja uso. Ukamuuliza, "Kwani ulidai shamba?"

"Shamba la nani? Shamba ni la kina mama yako. Mimi nilidai miti yangu."

Ukazikunja karatasi vizuri, ukamwambia utazisoma kwa utulivu na utamwandikia ukiwa Dar es Salaam. Alipoondoka ndipo ukanigeukia ukasema, "Baba, aliyeandika hati hii ama alikuwa mjinga ama alihongwa." Mimi nikakwambia chai yako inapoa.

Sikuwa mjinga, Somoe, na hakuna aliyenihonga hata kifaranga. Nilichoka.

Ungetazama kona ya chini kushoto ya ukurasa wa mwisho ungeona herufi ndogo, kwanza za wakili, kisha za aliyepiga taipu. Hizo za pili ni za jina langu. Umesoma sheria miaka yote ile, na hukuziona, kwa sababu hakuna anayetazama pale. Hata mimi nilitegemea hivyo.

Sasa nikueleze nilivyofika pale, maana na mimi niliwahi kuwa na kazi mbili mbele yangu.

Kabla ya uhuru nilikuwa karani wa mzee mmoja wa Kihindi, wakili wa peke yake, tukimwita Bwana Kasamu. Ofisi chumba kimoja, taipu moja, herufi ya "a" imelegea. Nilifagia, nilipokea watu, nilifasiri, nilipiga taipu, nilipeleka karatasi mahakamani. Kiwiliwili kilichoka. Mshahara ulikuwa mdogo, na miezi mingine Bwana Kasamu alinitazama tu tarehe thelathini, akatikisa kichwa, akaniambia subiri. Nyumba hii ilivuja misimu miwili ya mvua. Ulilala chini ya meza ya kulia ukadhani ni mchezo, na sisi tukakuacha udhani hivyo.

Lakini yule mzee alikuwa na desturi moja. Mtu akija na neno la shamba, hakuna kugusa taipu mpaka mimi niende nikalione. Natoka kwa baiskeli, nakaa siku mbili, narudi na vumbi. Ananiuliza, "Umeliona?" Nikisema ndiyo, ananiuliza nani alikuwa amesimama pembeni nilipoonyeshwa. Nikisema hapakuwa na mtu, narudi tena. Nilimlaani njia nzima, Mungu anisamehe.

Na kweli kwa nchi yetu hii ndivyo inavyotakiwa. Wewe umezaliwa humo, lakini umelelewa mabwenini, pengine hukuwahi kuona. Mimi natoka Miteja, nilimfuata mama yako kwao Kilangala, nikapewa mahali pa kulima katika ardhi ya ukoo wake. Mchopa vilevile, yeye kwa dada mtu, ndiyo maana tunaitana mwanyumba. Ardhi ni ya ukoo wa wanawake, na watoto ni wa ukoo huo. Mti ni wa aliyeupanda. Ndoa ikiisha, kwa talaka au kwa kifo, wazee wanatembea na yule mwanamume shambani, anaweka mkono kwenye kila mti alioupanda, majirani wanasema ndiyo au siyo, kisha wanakubaliana ataendelea kuokota au atalipwa kifuta jasho. Hakuna anayegombea ardhi. Mkwe kudai ardhi ya wakweze ni matusi, ni kama kuwaambia hamkuwahi kuwa watu.

Basi, uhuru ukaja, na wewe ukafaulu. Nasema hivyo kwa sababu nyumbani kwetu mambo hayo mawili yalikuja pamoja. Ukatakiwa uende shule ya bweni, na shule ilitaka ada, sare, godoro, sanduku. Wakati huohuo ofisi kubwa ya mawakili kutoka Dar es Salaam ikafungua tawi hapa Lindi, makarani wake wa zamani wamerudi Ulaya, wanatafuta mtu anayejua taipu, Kiingereza na lugha za bara huku. Mshahara mara mbili. Nilimwambia Bwana Kasamu asubuhi, adhuhuri nilikuwa nimeshakabidhi ufunguo. Aliniuliza swali moja tu, "Watakupa majalada mangapi?" Nikaona wivu wa mzee.

Walinipa kabati. Majalada mia na arobaini, na yalikuwa yakiongezeka. Wakili mwenyewe alikuja mara mbili kwa mwezi, anatia sahihi amesimama, kalamu ameifungua tangu mlangoni. Hakuna aliyekwenda kuona shamba la mtu. Palikuwa na fomu zilizochapwa tayari, zimetengenezwa kwa ajili ya wenye mashamba ya mkonge na wafanyabiashara, ambao kwao ardhi na kilicho juu yake ni kitu kimoja: "shamba pamoja na vyote vilivyomo". Unajaza jina, unajaza mahali, unaweka kwenye trei. Mwaka wa kwanza nilikuwa bado nawasomea watu hati kwa Kiswahili, polepole, kabla hawajatia dole gumba. Mwaka wa pili niliwasomea waliouliza. Mwaka wa tatu hawakuuliza, au mimi sikuwasikia.

Mwaka huo ndipo alipofariki mama yako mkubwa. Wewe ulikuwa sekondari. Matanga yakaisha, wajomba wakataka kukaa na Mchopa juu ya ile mikorosho yake, themanini na mbili, aliyoipanda yeye na mkewe wakiwa vijana. Walikuwa tayari kumwachia aokote mpaka afe. Yeye akasikia uvumi kwamba watamnyima, akaingiwa na hofu, akaja kwangu ofisini badala ya kuwangojea. Alhamisi moja, gari la wakili linaondoka saa nane kwenda Mtwara, na mimi nina hati kumi na moja za kumaliza kabla halijaondoka.

"Mwanyumba," aliniambia, "nidaie miti yangu tu. Ardhi waachie wenyewe, ni ya watoto wangu."

"Nimekuelewa."

"Hutaki kwenda kuitazama?"

"Naijua, mwanyumba. Si nimeoa palepale?"

Hilo ndilo kosa langu, Somoe, kama unataka kulishika kwa mkono. Angekuwa mgeni kutoka Newala ningeogopa, pengine ningeuliza. Kwa kuwa nilikuwa naijua miti ile, nimepumzika chini yake, nimekula korosho zake, sikwenda. Nikavuta fomu. Nilijua kwamba haifai, nikasema nitaongeza mstari chini. Karatasi ikatoka kwenye taipu bila mstari. Nikasema mstari utaongezwa siku ya kusikilizwa. Nikamshika kidole, nikakikandamiza kwenye wino, nikakikandamiza kwenye karatasi. Pale juu ya dole lake pameandikwa kwamba amesomewa na ameelewa. Sikumsomea hata neno moja. Aliniambia ahsante.

Wajomba walipopelekewa nakala, wakatafuta mwalimu wa shule awasomee. Mkwe wenu, akasema mwalimu, anadai shamba lenu pamoja na vyote vilivyomo. Baada ya hapo hapakuwa na mazungumzo tena. Hakimu aliitupa kesi, na alikuwa na haki: ardhi haikuwa yake, na miti hakuidai. Siku ile sikuwapo mahakamani. Nilikuwa ofisini na majalada.

Ungeniuliza, kwa nini hukusema? Nilijiambia nitasema Ijumaa. Kisha nikaona kwamba nikisema, kazi itaondoka, na ada yako ilikuwa bado mihula mingi. Kisha nikaona kwamba wajomba watanigeukia mimi, na miti yangu mimi ilikuwa katika ardhi ileile. Walikuwa wameniachia. Kila msimu niliiokota nikauza, Mchopa akinitazama, akinipa na pole kwa kazi nyingi. Mpaka leo anaamini nilimpigania. Anawaambia watu, "Mwanyumba alijitahidi, mahakama ndiyo ilikataa." Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama hilo.

Miti si kitu sasa. Alisema kweli, nguruwe wanaokota, zake na zangu. Lakini watoto wake, Somoe, wale ndugu zako watatu uliokua nao, ni wa ukoo ule, na ukoo uliwaambia baba yenu alitaka kuwanyang'anya ardhi ya mama yenu kabla kaburi halijakauka. Hawamwendei. Wote wamehamishiwa kijiji kimoja kando ya barabara, nyumba zao zinatazamana, na hawamwendei. Mjukuu wake alipotahiriwa alizisikia ngoma akiwa kwake. Mama yako naye ni mtu mwema, unamjua, lakini aliweka ile chai akaenda zake kwa sababu ya karatasi niliyoipiga mimi.

Na hizo pesa za ofisi kubwa hazikuwa pesa za haramu, nisikudanganye. Paa liliezekwa. Mwezi ule ule wa kesi walinipa nyongeza kwa bidii yangu, nikakununulia lile sanduku la bati lenye jina lako kwa rangi nyekundu. Hilo hilo mama yako amelipanga tangu juzi. Kama ningebaki kwa Bwana Kasamu, sijui kama leo ungekuwa na barua hata moja mkobani. Nimeligeuza hili kila upande miaka yote na halijakaa sawa. Ukiona baba yako kimya wakati watu wanampongeza kwa kuwa na binti wakili, ndilo ninalofikiri.

Kwa hiyo sisemi usiende ofisi kubwa. Ningesema hivyo ungekuwa na haki ya kunicheka. Wala sisemi Kariakoo ndiko kwenye watu wa Mungu. Mwezi utafika hali haitaruhusu, utakula muhogo mkavu na digrii yako, na umaskini nao unamfanya mtu akose subira na watu. Nimekuwa karani kwa wote wawili, hakuna aliyenipa usingizi wa bure.

Ninachokuomba ni kidogo. Wakikutajia mshahara, usiuangalie peke yake. Waulize swali la Bwana Kasamu: majalada mangapi? Kisha waulize nani atakisoma unachokiandika kabla hakijatoka mlangoni, na nani atakwenda kumwona mtu kwake. Wakikujibu kwamba wewe ni kijana, utamudu, hapo mshahara wanaokupa si wa kazi tu. Wanakulipa na kwa ajili ya yale ambayo hutapata nafasi ya kuyatazama. Pengine utaona bado inafaa. Una mdogo wako wa kumsomesha, na sisi ndio hawa. Lakini ukichagua, uwe umejua umechagua nini. Mimi nilidhani nimechagua mshahara.

Na usiseme, mimi si kama baba, mimi sitachoka. Ramadhani iliyopita ulikaa hapa ukumbini mchana na mafaili ya mahakama, nikakuona umesinzia kalamu mkononi. Ukazinduka, ukatia sahihi karatasi iliyokuwa mbele yako, ukaiweka upande ukavuta nyingine. Hukuisoma. Nilitaka kukwambia, nikainuka nikaenda kutawadha. Sijui ilikuwa ya nani.

Nimepumzika kidogo hapa, amepita jirani kutaka nimwandikie barua kwa mwanawe aliye jeshini. Nimemwambia leo naandika ya wangu. Akaniombea dua akaenda.

Sasa sikiliza mambo ya kesho, maana utakapokuwa unasoma hapa yatakuwa yameshapita.

Tiketi nilikata mbili. Yako ya Dar es Salaam. Yangu inaishia Kilangala. Mmedhani nakusindikiza, na nimewaacha mdhani hivyo. Mama yako nitamweleza leo tukishakula. Nilijaribu jana, nikaishia kuomba chumvi, lakini leo sina tena siku nyingine, na asiyasikie kwa kaka zake. Atalia, kisha atakasirika, na huenda kesho asubuhi akakuaga wewe peke yako. Usimuulize kitu. Ni haki yake.

Kwa mjomba mkubwa nimekwishapeleka neno kwamba naomba kukaa nao baada ya adhuhuri, wao, Mchopa, na watoto wake wote watatu. Sikusema la nini. Wanadhani naleta habari za posa yako. Wangapi watanipa mkono nikimaliza, sijui, na miti yangu wakisema si yangu tena sitakwenda mahakamani.

Basi limeshaniacha. Usishuke kituo cha mbele ukarudi, nakujua. Hili si jalada lako. Endelea na safari, na ukifika uwaulize watu wako maswali yako.

Na usizitafute zile karatasi za baba mkubwa sandukuni. Nilizitoa leo mkiwa mmetoka, nimezifunga tena katika kaniki yake, na ninazo mfukoni. Ulimwahidi kumwandikia. Huna haja. Nitamkalisha mbele ya wakweze na wanawe, nimsomee hati yake yote kwa Kiswahili, polepole, mpaka pale penye dole lake, kama nilivyotakiwa kumsomea siku ile kabla sijamshika kidole.

Ni mimi niliyepiga taipu,
Baba yako